Ultimate3S ya QRP Labs: miliwati 200 zinatosha, saa na masafa vikikaa sawa

Ultimate3S, au U3S kama wengi wanavyoiita, ni mtambo mdogo wa kurushia mawimbi ya redio ya ridhaa. QRP Labs huuuza ukiwa vipande, ukauunge mwenyewe. Mbunifu wake ni Hans Summers, mwenye alama ya wito (jina la kituo hewani) G0UPL. Kwa miaka mingi bei ilikuwa takriban dola 33 za Marekani kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa pesa hiyo unapata bodi kuu, chipu ya ATmega328 iliyokwisha kupakiwa programu, skrini ya mistari miwili yenye nafasi 16 za herufi kila mmoja, bodi ndogo ya Si5351A inayozalisha masafa (frikwensi) ya mawimbi, transista ya BS170 na kichujio kimoja cha bendi uliyoichagua. Haipokei chochote. Inarusha tu, saa 24 ukitaka, na ndiyo maana ya bikoni.

Inajua njia nyingi za kutuma: Morse ya polepole sana (QRSS), Hell, JT9, Opera na nyinginezo. Ila wengi wanainunua kwa ajili ya WSPR, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa nguvu ndogo ili wapokeaji waripoti mtandaoni umesikika wapi, na tathmini hii inahusu kazi hiyo.

WSPR ilitolewa mwaka 2008 na Joe Taylor, K1JT, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Ujumbe wake ni mfupi mno: alama ya wito, gridi, yaani msimbo wa eneo wa herufi mbili na tarakimu mbili (Dar es Salaam ni KI93, Nairobi KI88, Mombasa KI95), na nguvu ya mtambo kwa dBm (desibeli juu ya miliwati moja). Ujumbe huo unachukua sekunde 110.6, ukianza sekunde moja baada ya dakika shufwa kwa saa ya UTC. Sauti ni nne, zimeachana kwa 1.46 Hz, na upana wote wa mawimbi ni kama 6 Hz. Kwa sababu ya wembamba huo na upole huo, kompyuta ya upande wa pili inaweza kuusoma ujumbe ukiwa dB 28 chini ya kelele, kelele hizo zikipimwa kwenye upana wa 2500 Hz. Sikio la mtu hapo halisikii kitu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea hesabu. Wanaagiza transista za ziada, kwa sababu bodi ina nafasi za BS170 tatu, huku GPS wakiiacha kwa mwezi ujao. Ingepaswa kuwa kinyume. Kutoka transista moja hadi tatu unapata chini ya dB 5, hata kama nguvu kweli imeongezeka mara tatu. Kukosea saa au masafa kunakuondoa hewani kabisa.

Tuanze na masafa. Dirisha la WSPR kwenye bendi ya mita 20 (14 MHz) ni la 200 Hz tu, kuanzia 14,097,000 hadi 14,097,200. Fuwele ya 27 MHz iliyo kwenye bodi ya Si5351A inaweza kupotoka sehemu 10 kwa milioni bila kuwa mbovu. Kwenye 14 MHz upotofu huo ni 141 Hz. Ukiweka 14,097,100, katikati kabisa, mawimbi yatatokea nje ya dirisha na hakuna atakayekusoma, ingawa kila kitu kwenye meza kinaonekana kizima. Bila GPS, lazima urekebishe kwa mkono. Sikiliza mawimbi yako kwa redio nyingine unayoiamini, kisha piga hesabu kwa uwiano. Tuseme uliweka 14,097,100 na yametokea 14,097,240: yako juu kwa sehemu 9.93 kwa milioni, kwa hiyo thamani ya fuwele kwenye menyu ibadilishwe kutoka 27,000,000 iwe 27,000,268. Joto la chumba likibadilika mchana, kazi hiyo inaanza upya.

Saa nayo ina yake. Programu za kupokea huvumilia kosa la kama sekunde mbili. Saa ya U3S inategemea fuwele ya 20 MHz ya ATmega, na fuwele iliyopotoka sehemu 20 kwa milioni hupoteza sekunde 1.7 kwa siku. Asubuhi umeiweka sawa, kesho yake jioni umetoka nje ya mstari.

GPS ya QRP Labs inatibu yote mawili: inaweka saa, inasahihisha masafa, na inajaza gridi yenyewe. Usahihishaji wa masafa unafanyika kwenye ukimya kati ya ujumbe na ujumbe, kwa hiyo usiipange bikoni itume mfululizo. Iache dakika kadhaa. Na GPS ione anga: chini ya paa la bati haitapata setilaiti za kutosha. Iweke nje au dirishani, mbali kidogo na waya wa antena, kwa sababu mawimbi yako yanaweza kuizima kila unapotuma.

Uungaji wenyewe ni wa jioni mbili kwa mtu aliyekwisha kushika pasi ya kulehemu. Hakikisha chipu ya Si5351A inakuja tayari imelehemiwa, kwa maana miguu yake imeachana nusu milimita tu. Bodi kuu haina taabu. Taabu iko kwenye kichujio.

Kichujio cha mita 20 kina pete tatu za njano za T37-6. Mbili za pembeni zina mizunguko 16 kila moja, ya katikati 17. Kapasita za pembeni ni 180 pF, za ndani 390 pF. Kila waya unapopita ndani ya tundu la pete huhesabiwa mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza ambao watu husahau kuuhesabu. Tandaza mizunguko iizunguke pete karibu yote, ukiacha nafasi ndogo kati ya mwanzo na mwisho. Waya ni wa shaba wenye vanishi, na vanishi hiyo ndiyo inayowasumbua wengi: isipokwanguliwa vizuri, risasi inakaa juu kama imeshika, kumbe umeme haupiti. Kabla ya kuchomeka kichujio kwenye bodi, pima kwa mita kutoka pini ya kuingilia hadi ya kutokea. Koili tatu zimefuatana, kwa hiyo upinzani uwe karibu na sifuri. Mita ikikataa, kwangua upya kwa kisu, paka risasi kwenye ncha ya waya kwanza, ndipo urudishe.

Kichujio si pambo. BS170 hufanya kazi kama swichi na mawimbi yake yamejaa harmoniki, yaani masafa ya ziada yaliyo mara mbili, mara tatu na zaidi ya yale uliyoweka. Mita 20 bila kichujio maana yake unatuma pia 28 MHz na 42 MHz. Vilevile, kichujio cha mita 20 hakifai kwa mita 40, kwa sababu harmoniki ya pili ya 7 MHz inapita humo bila kizuizi. Anayetaka bendi kadhaa anunue bodi ya rilei, inayofikisha jumla ya bendi sita, na ajiandae kuzungusha pete nyingi.

Ukiwasha mara ya kwanza na kuona mstari wa miraba myeusi, usikimbilie kudhani skrini imekufa. Chipu haijazungumza nayo: angalia kama ATmega imekaa sawa kwenye soketi, hakuna mguu uliojikunja chini yake, na viungo vya risasi vya skrini vimeshika. Ikiwa skrini ni tupu kabisa, zungusha kwanza kidhibiti cha mwangaza wa herufi.

Kisha bayasi ya transista, yaani volti ya kuitayarisha kwenye geti. Anza na volti sifuri kwenye geti ya BS170, ukihakikisha kwa mita, halafu panda taratibu. BS170 huanza kupitisha mkondo karibu na volti 2, lakini moja hutofautiana na nyingine, ndiyo sababu hakuna namba ya kunakili kutoka kwa jirani. Lengo ni kufika pale nguvu inapoacha kuongezeka, usivuke. Ukivuka, transista inapitisha mkondo hata isipotuma, inachemka, na joto hilo linaisukuma fuwele iliyo jirani. Mawimbi yanaanza kuteleza katikati ya dakika mbili za ujumbe. Programu ya kupokea huvumilia mtelezo wa Hz chache tu; ukizidi hapo ujumbe unapotea. Kwenye 28 MHz mtelezo ni mara mbili ya ule wa 14 MHz. Funika bodi kwa kisanduku ili upepo wa feni usiiguse.

Nguvu pima, usikisie. Unganisha rezista mbili za ohm 100 sambamba kupata ohm 50, weka daiodi ya 1N4148 na kapasita ya 10 nF, soma volti za DC kwa mita ya kawaida. Ongeza 0.6 kwa ajili ya daiodi, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa 100. Ukisoma 3.9 V: 4.5 mara 4.5 ni 20.25, gawa kwa 100, umepata wati 0.2. Hizo ni 23 dBm, na ndizo za kuandika kwenye menyu. U3S haipimi nguvu, inatangaza ulichoandika. Anayeandika 23 huku anatuma 30 anaharibu takwimu za kila anayesoma ripoti zake, na ripoti hizo ndizo faida yote ya mchezo huu. Kwenye bendi za juu, kama mita 10, nguvu hushuka, kwa hiyo pima tena.

Malalamiko makubwa kuhusu U3S ni menyu yake. Vitufe ni viwili tu, na kuandika alama ya wito herufi kwa herufi kwa vitufe viwili kunachosha kweli. Ukipitiliza herufi unazunguka tena orodha nzima. Ila ukishamaliza, mipangilio inabaki hata umeme ukikatika, jambo la maana sana kwa mtambo wa kuachwa peke yake. Mpango mzuri wa kuanzia ni kutuma mara moja kila dakika 10. Alama za ukanda wetu, 5H3 za Tanzania na 5Z4 za Kenya, zinaingia kwenye ujumbe wa kawaida bila shida, kwa sababu WSPR inataka tarakimu iwe nafasi ya tatu. Mgeni anayetumia alama yenye mkwaju (/) mbele analazimika kutumia ujumbe wa aina nyingine, unaochukua zamu mbili kukamilika.

Umeme ni volti 5 na usizidishe: ATmega inakufa ukipita 6. Ukitumia betri ya 12 V na regyuleta ya 7805, weka bati la kupoozea, kwani volti 7 zote za ziada zinageuka joto. Pawa benki nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo. Chaja za simu za bei ya chini huingiza mvumo kwenye mawimbi. Ukiona mistari miwili ya kando kwenye skrini ya mpokeaji, badilisha chaja kwanza kabla ya kufungua kisanduku.

Antena ndiyo nusu nyingine ya bikoni. Daipoli ya mita 20 ni mita 5.07 kila mkono. Asiye na nafasi ya kulisha katikati anaweza kutumia waya wa mita 10 unaolishwa mwishoni, kwa transfoma ya 49:1 kwenye pete ya FT140-43: mizunguko 2 kwa 14, na kapasita ya 100 pF upande wa mizunguko 2. Kuitoa daipoli kwenye balkoni yenye nondo na kuipandisha juu ya paa kunaweza kukupa zaidi ya zile dB 5 za transista tatu. Pwani, chumvi hula viungo vya shaba, hivyo funga kila kiungo kwa utepe wa mpira. Kanda ya Ziwa, radi zinapokaribia, zima mtambo kwanza ndipo uchomoe antena. Kutuma bila antena kunaweza kuua BS170.

Anayetilia shaka wati 0.2 asikilize bikoni za NCDXF/IARU, mashirika ya redio ya ridhaa, kwenye 14.100 MHz, kilohezi tatu tu juu ya WSPR. Mtandao huo una vituo 18, nafasi ya Kenya ikiwa 5Z4B, na kila kimoja hutuma milio mirefu minne kwa wati 100, 10, 1 na 0.1. Siku hali ya anga ikiwa nzuri, mlio wa mwisho unasikika kwa sikio tupu. WSPR inafika mbali zaidi chini ya hapo.

Mbadala upo. ZachTek ya Sweden huuza bikoni ya WSPR iliyokwisha kuungwa, yenye GPS ndani na nguvu hiyohiyo ya takriban miliwati 200. Inamfaa asiyetaka kulehemu. Raspberry Pi inaweza kutuma WSPR moja kwa moja kutoka pini ya GPIO 4 kwa kama miliwati 10, saa ikitoka kwenye intaneti, lakini kichujio ni lazima kwa sababu hayo ni mawimbi ya mraba. Arduino na bodi ya Si5351 ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote, na inafundisha sana, ila saa na usahihishaji utaviandikia programu mwenyewe.

Kabla ya kuagiza chochote, soma masharti ya leseni yako ya TCRA (Tanzania) au CA (Kenya), mamlaka za mawasiliano, kuhusu kituo kinachotuma bila mtu kuwapo. Kisha agiza U3S, kichujio cha mita 20 na GPS kwa pamoja, ulipie usafirishaji mara moja. Ongeza BS170 chache za akiba, na kichujio cha mita 10 kama jua bado lina madoa mengi unaposoma haya, kwani ndiyo huifungua bendi hiyo.