Trela la boti: ekseli moja au mbili?
Kwa boti ya faiba ya mita tano hivi, inayotoka uani Mikindani hadi ufukweni na kurudi, chukua la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu. Trela ni jepesi. Watu wawili wanaligeuza kwa mikono, na kwenye mchanga wa Msimbati hilo ni jambo kubwa. La ekseli mbili hugoma kukata kona bila gari.

Ila ukivuta boti nzito kutoka Mtwara hadi Lindi, ekseli moja siishauri kabisa. Mbili hugawana mzigo, trela haliyumbi, na tairi likipasuka, la jirani hubeba mzigo hadi usogee pembeni.

Matunzo yake huongezeka: beringi mara mbili. Baada ya safari acha habu, yaani vitovu vya magurudumu vyenye beringi, zipoe kabla ya kuzitumbukiza baharini. Zikiwa moto huvuta maji ya chumvi ndani.