Karakana ya printa nyuma ya Marikiti, na shilingi 600 ambazo sikuzidai

Printa yangu ya HP LaserJet iligoma mwezi wa Mei, siku mbili baada ya mvua ya masika kupenya dirishani usiku na kuilowesha. Nina kibanda cha fotokopi na uchapaji huku Majengo, Mombasa. Kazi yangu kubwa ni mitihani ya madrasa na chekechea, hati za viapo na barua za kuomba kazi. Bila printa sina duka. Fundi wa kwanza niliyempelekea hata kifuniko hakukigusa. Alisema ni ya kutupa, ninunue nyingine, na yeye anazo.

Mwalimu mmoja wa madrasa ndiye aliyenielekeza kwenye karakana ndogo nyuma ya Marikiti, kwenye uchochoro unaonukia iliki na bizari kutoka maduka ya viungo. Mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu, na kila mtu humwita Ami. Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia kiti, kisha akaiweka printa mbele ya kijana wake.

Kijana alitandika kitambaa cheupe mezani. Pembeni akaweka trei ya mayai, ile ya mayai 30. Kila skrubu aliyoifungua aliitia kwenye shimo lake, kwa mfuatano aliofungulia, ili wakati wa kufunga aanzie mwisho kurudi mwanzo. Alipofika ndani alinionyesha mpira unaovuta karatasi: umelainika kama kioo, hauna mkwaruzo wa kushikia tena. Springi mbili zilikuwa zimeshika kutu kwa ile mvua. Ami aliuparuza mpira kwa ukucha. "Haiyafa hini, mwanangu. Ni mpira tu ulolika."

Hesabu yao ilikuwa shilingi 2,800: mpira, springi mbili, na swichi ndogo inayotambua kama karatasi imepita. Nililipa zote. Waliniahidi siku mbili, nikaipata siku ya nne, na hilo niliwaambia waziwazi kwa sababu siku mbili hizo zilinipotezea kazi ya mitihani ya madrasa nzima.

Nilifika kuichukua wakati wa adhuhuri, Ami yuko msikitini. Kijana akafungua mtoto wa meza, akahesabu shilingi 600, akanikabidhi. Ile swichi ilikuwa nzima, alisema, ilitaka kufutwa tu. Mimi sikudai, wala nisingejua kamwe. Nikamuuliza kama hangoji mzee arudi kwanza.

"Angojewe ya nini, dada? Pesa ni zako."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Nilipokuwa nikisoma stashahada ya biashara masomo ya jioni, tulifundishwa habari za kampuni hiyo hiyo iliyotengeneza printa yangu. Bill Hewlett na Dave Packard waliianzisha 1939 kwenye gereji huko Palo Alto, California, kwa mtaji wa dola 538. Desturi zao za uongozi zikaja kuitwa njia ya HP: mfanyakazi aaminiwe, meneja azunguke kati ya watu asijifungie ofisini, faida igawanywe. Hewlett alikuta stoo ya vifaa imefungwa siku ya mapumziko, akaikata kufuli na kuacha ujumbe kwamba mlango ule usifungwe tena. Na 1970, oda zilipopungua, hawakufukuza watu. Wakubwa kwa wadogo walikubali kupunguziwa mshahara kwa asilimia 10, wakawa wanapumzika Ijumaa moja kila wiki mbili.

Mwalimu wetu alituuliza kama mambo hayo yana nafasi siku hizi. Niliandika kwamba hayana. Nilitaja kwamba Carly Fiorina aliletwa kutoka nje kuiongoza 1999, kwamba 2002 ikaichukua Compaq, kampuni nyingine ya kompyuta, na maelfu ya watu wakapoteza kazi, kwamba 2015 ikagawanyika kampuni mbili. Nikasema ule ulikuwa wema wa enzi za gereji. Nilipata alama nzuri, na sasa naona nilikosea. Nilipima desturi kwa yaliyoipata kampuni, wala sikuuliza zilikuwa zikimfanyia nini mteja na fundi siku zilipokuwa zikifuatwa.

Kijana alinisimulia ya 2020. Shule zilifungwa Machi, Mei Mji wa Kale ukafungiwa, na ofisi zilizokuwa zikileta mashine zikanyamaza. Ami alikuwa na mafundi watatu, na hakumtoa hata mmoja. Walipokezana siku, kidogo kilichopatikana wakagawana, na fungu la kwanza kuachwa lilikuwa la Ami mwenyewe. Wote watatu wapo hadi leo. Mkono uliopanga zile skrubu kwenye trei una miaka tisa kwenye meza moja. Kama mwenye mkono huo angesukumwa kwenye bodaboda mwaka ule, printa yangu ingekuwa jalalani.

Kwa hiyo nawapeleka watu pale kwa moyo mweupe, ila mjue haya. Simu hawapokei wakiwa kazini. Risiti ni karatasi ya daftari. Ijumaa hufunga saa tano mpaka baada ya sala, na mlangoni hakuna tangazo, kwa hiyo mtu wa Likoni anaweza kuvuka feri bure.

Na liko moja lililonikera zaidi ya kuchelewa. Kwenye meza zote zile hakuna msichana. Nilimwambia Ami siku ile ile, aliporudi kutoka msikitini. Akasema wasichana hawaji. Nikamjibu kwa heshima kwamba hawaji kwa kuwa hawajaitwa. Alinyamaza kitambo, akiugeuza ule mpira mbovu kwenye vidole.

"Basi mlete."

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti wa kaka yangu, amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani tu. Walimpa printa mbovu, bisibisi na trei ya mayai. Alirudi karibu na magharibi, kucha nyeusi kwa tona, akaniomba nauli ya Jumamosi ijayo.