Mkasi wa bati: kabla hujatoa pesa, tazama ribiti

Masika yalinikuta nyuma ya nyumba, Chumbageni hapa Tanga, nakata bati la gata, mfereji wa maji ya paa, kwa mkasi niliokuwa nao siku nne tu. Bati likakataa kukatika. Likakunjika, likazama katikati ya taya na kunasa humo humo, nikalivuta kwa mikono miwili mpaka kidole kikachanika.

Nikajua makali yameisha. Nikaupeleka Ngamiani kwa mzee mmoja anayefua majiko. Akashika mpini mmoja, akausukuma wa pili kwa pembeni, taya zikacheza.

"Makali yapo, mwanangu. Ribiti ndiyo imekwisha."

Dukani watu huuliza urefu na rangi ya mipini, hiyo ribiti, pini iliyogongwa inayoshikanisha taya mbili, haiulizwi. Mkasi hukata kwa sababu makali mawili yanapitana yakisuguana. Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3, taya zikiachana kiasi hicho tu, linateleza katikati na kukunjwa. Ribiti ikilegea dawa yake ni nyundo, na kwangu nyundo ilisaidia siku mbili. Mahali pa ribiti pakiwa na bolti yenye nati, unaikaza kwa spana, robo mzunguko, kazi inaendelea. Basi mimi mikasi naipanga kwa bolti kwanza.

Namba moja ni Wiss wa Marekani, na upenzi wangu siufichi. Bolti yake inakazika, meno madogo kwenye makali yanalishika bati lisiteleze, na ule muungano wake wa vyuma unazidisha nguvu ya mkono, jambo kubwa kwetu wenye viganja vidogo. Unakata chuma laini mpaka geji 18, kama milimita 1.2. Mpini wa njano ni wa kukata mstari mnyoofu, mwekundu unapinda kushoto, kijani kulia. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba mwekundu ni wa watu wa mkono wa kushoto! Si kweli. Rangi inaonyesha mkato unakoelekea.

Namba mbili ni Stanley FatMax. Nao una bolti, ila mipini yake imejaa sana mkononi mwangu.

Namba tatu, mkasi mnyoofu wa kizamani, mzito, usio na springi. Kwa chumvi ya bahari yetu hapa Tanga, springi ndiyo inayotangulia kushika kutu, kwa hiyo kutokuwa nayo ni faida. Chagua wenye bolti.

Ile ya bei poa yenye ribiti ni ya kazi ya siku moja.

Kinachonichoma ni wauzaji. Mkasi umefungwa kwenye plastiki, ukitaka kuujaribu unaambiwa "ukifungua umenunua." Nitajuaje taya zinacheza? Na bei! Nilitajiwa elfu arobaini na tano. Kaka yangu akaingia duka lile lile jioni na ovaroli yake, akatajiwa thelathini. Mkasi ule ule, rafu ile ile. Pesa ya mwanamke ina kasoro gani?

Siku hizi naenda na kipande cha bati kwenye mkoba. Nasukuma mpini kwa pembeni, kisha nakata kwa ncha, maana ulegevu hujionyesha nchani kwanza. Maduka matatu yalinikatalia. La nne, kijana alichana plastiki mwenyewe, akanishikia bati nikate. Huyo ndiye aliyeniuzia Wiss wa njano, na gata ilikamilika kabla ya mvua ya Ijumaa.