Kabla Hujanunua Gari la Kifahari la Njia Mbovu Lililotumika, Litazame Limesimamaje Asubuhi

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji walionunua magari makubwa ya kifahari yaliyokwisha kutumika yanafanana mno. Mnunuzi alisikiliza injini akaridhika, akafungua milango ngozi ya viti ikamvutia, akaliendesha gari likaenda bila mlio wowote, akalipa. Wiki chache baadaye anaamka na kulikuta gari limelala, matairi yamezama ndani ya matao yake, na taa ya onyo kwenye dashibodi haizimiki. Fundi wa kwanza anambadilishia kompresa, yaani pampu ya hewa inayolipandisha gari, baada ya muda kompresa mpya nayo inaungua, na hapo ndipo anapouliza kama aina hiyo ya gari ni mbovu kwa asili.

Kwa sababu hiyo sitagusa hapa rangi, ulaji wa mafuta, ukubwa wa skrini wala kilomita zilizosomwa, kwa kuwa hayo kila mnunuzi huyauliza bila kukumbushwa. Nimeyapanga magari haya kwa kigezo kimoja ambacho wengi hukipita, nacho ni kile kinacholibeba gari lenyewe: mfumo wa kupandisha na kushusha kimo chake, na jinsi unavyozeeka.

Katika magari mengi ya daraja hili, springi za chuma zimeondolewa na mahali pake pamewekwa mifuko ya raba iliyojaa hewa, ambayo haina uhusiano na ile ya usalama inayofumuka wakati wa ajali. Kompresa moja hujaza hewa katika tangi la akiba, bloku ya vali huigawa kwa kila kona, na sensa iliyo karibu na kila gurudumu huiarifu kompyuta gari limesimama juu kiasi gani. Raba ya mfuko hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopanda na kushuka, na mchanga ukiingia katika lile kunjo huisaga taratibu mpaka vinatokea vijiufa ambavyo macho hayavioni mfuko ukiwa umejikunja. Hewa huanza kutoka kidogokidogo. Kompresa hulazimika kufanya kazi muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, chembechembe za kukaushia hewa hushiba unyevu, unyevu hufika kwenye vali na kuziozesha, joto hula ringi ya pistoni, na mwishowe kompresa hufa. Kompresa, basi, ni mhanga wa ufa mdogo ulioanzia kwingine, na fundi anayeibadilisha bila kutafuta hewa inatokea wapi ameuza spea tu, hajatengeneza gari.

Wauzaji wanalijua hili vizuri, na nasema kwa uchungu kwamba wengi wao hulitumia. Mnunuzi anapopiga simu kwamba yuko njiani, injini huwashwa, mfumo hulipandisha gari mpaka kimo chake cha kawaida, na anapofika analikuta limesimama wima kama jipya. Ukigusa boneti ikiwa ya moto kabla hujaomba gari liwashwe, uliza sababu. Sharti langu ni kwamba gari lilale usiku kucha bila kuwashwa, na mnunuzi alipime jioni na alipime tena asubuhi kwa futi ya utepe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao lake, pembe zote nne. Muuzaji anayekataa jambo hili jepesi hafai kuaminiwa kwa jambo kubwa zaidi.

Kuna hila nyingine ambayo si ya muuzaji bali ni ya gari lenyewe. Discovery 3 ya Land Rover, na Range Rover ya kizazi kilichotengenezwa kati ya 2002 na 2012, zikiwa zimeegeshwa, kompyuta yake huamka yenyewe na kuzishusha pembe nyingine zilingane na ile iliyoshuka. Mnunuzi anayetafuta kona iliyoinama haioni, kwa sababu gari lote limeshuka kwa usawa na linaonekana kana kwamba mwenyewe ameliegesha hivyo kwa makusudi. Fyuzi ya mfumo huo ikitolewa usiku, kompyuta haiwezi kusawazisha chochote, na asubuhi kona inayovuja hujifichua. Baada ya hapo ni kumwagia maji ya sabuni kwenye mfuko na maungio ya mirija ya hewa na kutazama mapovu.

Tazama pia vijiti vya sensa za kimo. Ni vijiti vyembamba vinavyounganisha mkono wa gurudumu na sensa, na wapo watu wanaovibadilisha kwa vya urefu tofauti ili kompyuta idanganyike na kulinyanyua gari zaidi. Gari lililoishi hivyo limefanya kazi nje ya kimo kilichopangwa, huku ekseli na mifuko vikivutwa kupita kiasi. Ukikuta kijiti kimoja king'avu na vingine vina kutu, au vyote vina skrubu za kurekebishia urefu, punguza bei uliyokuwa nayo kichwani au ondoka.

Nafasi ya kwanza naipa Lexus LX 470, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2007, na sifichi kwamba naipendelea. Inapandisha na kushusha kimo chake kama nyingine, lakini kwa mafuta yenye shinikizo badala ya hewa, na uzito mkubwa wa gari bado umebebwa na chuma: fito zinazojisokota kama springi mbele na springi za koili nyuma. Kila gurudumu lina tufe lenye gesi ya naitrojeni nyuma ya utando wa raba, na gesi hiyo ndiyo inayoupa mfumo ulaini wake. Miaka ikipita gesi hupungua na gari huanza kurukaruka kwenye matuta, lakini haliwi gari lililolala chini na kukuacha njiani.

Uzuri wake mwingine ni kwamba afya ya matufe hayo inaweza kupimwa na mtu yeyote bila kompyuta. Simamisha gari mahali tambarare, acha injini ikiunguruma, lishushe mpaka kimo cha chini kabisa, kisha fungua boneti usome mafuta yamefika alama ipi kwenye tangi la mfumo huo. Lipandishe mpaka kimo cha juu usome tena. Matufe mapya huleta tofauti ya alama karibu 14, na tofauti ikifika 7 au chini ya hapo matufe yamefikia mwisho. Mnunuzi mwenye namba hiyo mkononi hubishana na muuzaji kwa ushahidi. Baada ya hapo lala chini ya gari utazame mabomba ya chuma yanayopeleka mafuta kando ya chesisi, kwa sababu yakiliwa na kutu hupasuka, na kuyabadilisha ni kazi ndefu. Injini yake ya V8 ya lita 4.7 ina mkanda wa taiming unaopaswa kubadilishwa karibu kila kilomita 150,000, na stakabadhi ya kazi hiyo idaiwe kwa maandishi. Land Cruiser 100 yenye mfumo huohuo wa kimo naihesabu pamoja nayo.

Ya pili ni Lexus GX 470, ndugu yake mdogo mwenye injini hiyohiyo. Mbele ina springi za kawaida na mifuko ya hewa ipo nyuma tu, hivyo hata mambo yakiharibika kabisa ni nusu ya gari inayoinama. Wamiliki wengi huishia kuweka springi za koili nyuma, na kwa gari hili sioni ubaya wake, mradi muuzaji aliseme waziwazi na bei ishuke ipasavyo, kwani anayelipia mfumo kamili ana haki ya kuupata ukiwa kamili. Kutu ya chesisi ndiyo ichunguzwe zaidi ya yote.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Mercedes G-Class, inayoundwa Graz huko Austria tangu 1979, iko ya tatu ilhali haina kabisa kasoro ninayoipigia kelele. Ni kweli kwamba hadi 2018 ilibebwa na springi za koili juu ya ekseli nzima mbele na nyuma, na kufuli zake tatu za difu, zinazolazimisha magurudumu yazunguke pamoja, huivusha mahali ambapo nyingine zote hapa zingehitaji kuvutwa. Lakini bei yake haishuki kwa kadiri ya uzee wake, na kutu hujificha kwenye pembe za chini za kioo cha mbele, nyuma ya taa za nyuma na chini ya milango, ikifunikwa na rangi mpya ambayo muuzaji huitaja kama sifa. Kwa anayemudu kununua na kutunza pia, si kwa anayekamua akiba yote ili alipate, ni gari la haki.

Nafasi ya nne ni ya Range Rover na Discovery. Hakuna gari katika orodha hii linalokaa vizuri hivyo barabarani na bado likapita kwenye matope, na Range Rover imekuwa na mfumo wa hewa tangu 1992, kwa hiyo mafundi wanaoujua kwa undani wapo. Hata hivyo mfumo wenyewe hausamehi uzembe. Betri dhaifu peke yake inatosha kuwasha onyo la kimo, na wapo waliouziwa kompresa wakati walihitaji betri. Anayeamua kununua Discovery 3 atafute kama katika soko lake ziliuzwa zile za daraja la chini zenye springi za koili, kwa sababu zilikuwepo, na ndizo ninazozikubali bila wasiwasi. Kompresa ikibadilishwa, rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu rilei ya zamani ikikwama upande wa kuwasha huiacha kompresa mpya ikizunguka mpaka iungue.

Volkswagen Touareg na Jeep Grand Cherokee zenye mifuko ya hewa huuzwa kwa bei inayoshawishi, na ushawishi huo ndio sababu ya kuziacha kwa mtu asiye na fundi wake wa kudumu.

Ukishalipata gari, utunzaji wake si mgumu. Baada ya kutoka kwenye matope, lipandishe kimo cha juu kabisa ili kunjo la raba lifunguke, ulisafishe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu nyingi mpaka mchanga utoke. Kimo cha juu ni cha mwendo wa polepole kwenye njia mbovu, na gari likirudi barabarani lishushwe. Mara kwa mara lipitishe katika vimo vyote ili vali zisigande. Kabla ya kuweka jeki zima mfumo, na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililobebwa na hewa au mafuta pekee bila stendi za chuma za kulishikilia, kwa sababu linaweza kushuka ghafla bila dalili yoyote.

Kuhusu spea, wanaozipangia bei kwa kutazama nembo iliyo mbele ya gari wananiudhi kuliko hata wenye kuwasha injini mapema. Sehemu nyingi za LX 470 ni zilezile za Land Cruiser 100, zenye namba ileile, lakini ukitamka jina Lexus dukani bei hupanda kabla muuzaji hajainuka kitini. Nenda na namba ya sehemu iliyoandikwa kwenye karatasi, na usiseme ni ya gari gani mpaka bei itajwe. Mifuko ya hewa iliyotolewa kwenye magari yaliyovunjwa usiinunue kwa bei yoyote, kwa sababu raba yake imezeeka sawa na ile unayoitoa. Mipya nayo inunuliwe miwili kwa ekseli moja, kwani mfuko wa upande wa pili umebeba gari miaka ileile na ufa wake hauko mbali.