Kiyoyozi Hakikati Usiku Kucha? Kabla Hujaongeza Gesi, Zunguka Nyuma

Mwangaluka wadau! Najua hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa hivi ni saa 8:35 mchana, mtanisamehe. Nimewasha hii mashine mbele yenu, nimeweka 24, chumba kinasoma 29. Saa ya ukutani hiyo hapo nyuma yangu, msiisahau, tutairudia.

Hii ni AC ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ya kawaida, siyo inveta. Inapoza chumba cha mita nne kwa nne hapa Bwiru, Mwanza, na ni mwaka wake wa pili. Jina la kampuni nimelifunika na karatasi makusudi, kwa sababu kilichonipata hakikuwa kosa la kampuni. Mwezi uliopita iliacha kukata, yaani kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, haizimi. Unaiwasha saa 2 usiku, unaamka saa 12 asubuhi, kompresa bado inanguruma. Mashine ya ukubwa huu inakula kama uniti moja na kidogo kwa saa. Piga saa 10, hizo ni uniti 11. Kwa shilingi 350 na ushee kila uniti ya LUKU, umelala usingizi wa karibu shilingi 4,000, na chumba chenyewe hakijapoa!

Kabla hatujaendelea, tuelewane hilo neno "haikati". Feni ya ndani kuzunguka muda wote siyo ugonjwa, nyingi zimetengenezwa hivyo. Toka nje ukasikilize kompresa. Na kama yako ni inveta, kompresa yake hupunguza tu mwendo ikishapata baridi, inabaki inanong'ona, kwa hiyo usiite fundi bure. Halafu kuna wenzangu wanaoweka 16 saa nane mchana wakidhani itapoza haraka. Haiongezi kasi, unachofanya ni kuiamuru isipumzike. Ila hapa Mwanza siyo Dar, jamani. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana wetu ni 28 au 29 hivi. AC iliyolingana na chumba ikishindwa kufika 24 huku kwetu, ina jambo.

Basi nikaita fundi. Akaja, akaangalia mashine ya nje kwa mbele, akagusa bomba, akasema, "Bosi, gesi imeisha, tuongeze." Nikamuuliza, "Geji ya kupimia presha ya gesi umeleta?" Akacheka. Sasa hapo nataka mnisikilize vizuri: gesi ya AC siyo ya kupikia kwamba inaisha kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tazama kwenye nati za maungio, mafuta yakiwa yamelowesha hapo, kweli inavuja. Barafu kwenye bomba nayo ni dalili, ingawa hata chujio chafu la ndani linaweza kuleta barafu. Langu nilikuwa nimeliosha wiki hiyo hiyo.

Fundi alipoondoka nikachukua kipimajoto cha jikoni, kile cha kupimia nyama. Kwenye mashine ya ndani, hewa inayoingia juu ilikuwa 29, inayotoka chini 22. Tofauti ni 7 tu. Mashine nzima inatakiwa ishushe nyuzi 8 mpaka 12 hivi. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya mashine. Na huko ndiko wengi hatufiki, maana kwa mbele inaonekana safi kabisa. Mbele ndiko hewa inakotokea, lakini inaingilia nyuma na ubavuni.

Sogeza kamera hapa. Mnaona hivi vibati vyembamba vya alumini? Havikuonekana. Palikuwa na blanketi la kijivu, limeshikana kama pamba ya godoro kuukuu. Ni vidudu vya ziwani, vile vinavyoinuka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Haviumi, ila vinapenda mwanga. Na mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nilifunga taa ya ulinzi sentimita 40 juu ya mashine! Taa inaviita, feni inavivuta. Ukuta wenyewe unatazama ziwa, jua la jioni linaupiga, mashine ikawa inajaribu kutoa joto huku imezibwa pua.

Nikazima umeme kwenye swichi yake ukutani, siyo kwa rimoti. Brashi laini kwanza, kutoka juu kwenda chini kufuata vibati, kisha bomba la bustani, maji ya taratibu. Mashine ya kuoshea magari usiilete hapa, italaza vibati vyote. Maji yaliyotoka yalikuwa mazito kama uji wa ulezi, na harufu yake, wallahi, ungedhani naanika dagaa. Mifuniko ya nyaya sikugusa, humo kuna kapasita, inashika umeme hata baada ya kuzima. Nilipopima tena, hewa ilikuwa inaingia 28 na kutoka 17. Taa nimeihamishia kwenye nguzo ya geti.

Jirani yangu hapa chini alisikia habari hii akaniita. Nikampa shikamoo, nikaangalia nyuma ya AC yake, safi. "Mama, rimoti inakaa wapi?" "Juu ya friji, baba, watoto wasiichezee." Basi kuna rimoti zina kipimajoto ndani yake, na ukiwasha kitufe chake, AC inafuata joto la pale rimoti ilipo. Juu ya friji pana joto. Tumeihamishia kitandani, kwisha kazi.

Ila chumba kikishakuwa baridi mpaka unatafuta blanketi na kompresa bado inaunguruma, hilo ni jingine. Hapo ni sensa ya joto inadanganya au rilei, ile swichi ya ndani inayowasha na kuzima kompresa, imeng'ang'ania, na ni la fundi mwenye vifaa.

Mashine yenyewe ningeinunua tena? Kwa chumba hiki ndiyo, ingawa nikijaliwa nitachukua inveta. Kinachoniudhi ni nyuma yake kuachwa wazi bila hata wavu, kama vile waliotengeneza hawakujua kuna watu wanaishi kandokando ya... subiri. Subirini. Mmesikia hiyo "ta"? Imekata. Saa 9:02.