Uzoefu wangu wa kuendesha ZX Spectrum ndani ya Amiga 1200

Wengi wanaotaka kuirudia ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani ya kampuni ya Uingereza ya Sinclair, huiendesha kwenye kompyuta mpya au hata kwenye simu, na kwa vifaa hivyo kazi hiyo ni nyepesi mno. Mimi niliamua kuiendesha ndani ya Amiga 1200, mashine iliyotoka mwaka 1992, miaka 10 tu baada ya Spectrum yenyewe, kwa kuwa nilitaka kujua mashine moja ya zamani hutoka jasho kiasi gani inapojifanya nyingine. Amiga hiyo niliinunua ikiwa imetumika, hapa Uingereza ninapoishi. Emuleta, yaani programu inayoifanya mashine moja ijifanye nyingine, niliipata bure katika hazina ya programu za Amiga iitwayo Aminet, na kuhusu ROM, yaani programu ya msingi iliyomo ndani ya Spectrum, sikuwa na wasiwasi, kwani Amstrad, kampuni iliyoinunua chapa ya Sinclair mwaka 1986, iliruhusu isambazwe kwa matumizi ya emuleta.

Maandishi ya “© 1982 Sinclair Research Ltd” yalipotokea chini ya skrini nilifurahi kwelikweli. Nilibonyeza P, na neno PRINT likajiandika lote kwa mkupuo mmoja, kama inavyotakiwa, kwani kwenye Spectrum kitufe kimoja huandika amri nzima. Kisha nikaandika BEEP 1,0, amri ambayo kwenye Spectrum halisi hutoa noti ya do ya kati kwa sekunde moja kamili. Amiga yangu ilitoa mngurumo mzito uliodumu takriban sekunde mbili na nusu. Nilipojaribu PAUSE 50, ambayo nayo hudumu sekunde moja, muda ulikuwa sahihi kabisa. Tofauti hiyo ilinifundisha mengi. PAUSE huhesabu fremu za skrini, yaani kila mara picha inapochorwa upya, 50 kwa kila sekunde, na emuleta yangu inazipata kutoka kwenye saa ya Amiga yenyewe. Lakini BEEP hupimwa kwa mapigo ya prosesa, kwa hiyo prosesa ya kuigiza ikichelewa, sauti hurefuka na wakati huohuo huwa nzito zaidi.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini. Prosesa ya Z80 katika Spectrum hupiga mapigo milioni 3.5 kwa sekunde, na amri yake nyepesi kabisa huchukua mapigo manne. Prosesa ya Amiga 1200, yaani 68EC020, hupiga milioni 14 na kidogo, kwa hiyo kwa kila amri nyepesi ya Z80 inapata mapigo 16 tu ya kuisoma baiti, kutafuta maana yake miongoni mwa amri 256, kuitekeleza, na kupanga upya biti za hali, zinazoonyesha mambo kama tokeo kuwa sifuri, ambazo Z80 huziweka kwa mpangilio wake. Juu ya hayo, Z80 huhifadhi namba za biti 16 ikianza na baiti ndogo, ilhali familia ya 68000, ambamo prosesa ya Amiga imo, huanza na kubwa, hivyo kila namba ya aina hiyo lazima igeuzwe. Skrini ndiyo mzigo mwingine. Spectrum hutumia baiti moja ya rangi kwa kila mraba wa nukta 8 kwa 8, lakini Amiga huchora rangi 16 kwa tabaka nne za biti, na kwa sababu hiyo kubadilisha baiti hiyo moja kunaweza kuidai iandike baiti 32, yaani mistari minane katika kila tabaka.

Dawa niliyoipata ni kadi ya kumbukumbu. Amiga 1200 ilitoka kiwandani ikiwa na megabaiti mbili ambazo prosesa inazigombania na chipu za picha na sauti, na kadi inayoipa prosesa kumbukumbu yake peke yake hufanya mashine nzima iende kasi karibu mara mbili. Muuzaji alinipa kadi ya megabaiti 8 bila kunieleza kwamba ukubwa huo huingilia anwani za tundu la PCMCIA, la kuchomekea kadi ubavuni mwa mashine, ambalo mimi hulitumia kuhamishia mafaili kwa kadi ndogo ya kuhifadhia data iitwayo CompactFlash. Tundu lilikufa ghafla, na nilipoteza jioni mbili nikidhani adapta imeharibika, mpaka nilipohamisha kijipini kimoja kwenye kadi ili isomeke kuwa ya megabaiti 4. Anayenunua kadi kama hiyo aulize jambo hili kabla ya kutoa fedha.

Baada ya hapo BEEP 1,0 ilishuka hadi sekunde moja na robo hivi, na matumizi yakawa ya raha. Programu za BASIC, lugha ya Spectrum yenye amri kama hizo za PRINT na BEEP, na michezo ya maandishi ninaiendesha bila kinyongo, na faili moja la picha ya kumbukumbu, yaani nakala ya yote yaliyomo kwenye kumbukumbu ya Spectrum, lenye baiti 49,179, hufunguka papo hapo, wakati kaseti ilihitaji kama dakika tano kwa programu iliyojaza kumbukumbu yote. Michezo ya kasi bado inasuasua, na ile inayochora michirizi kwenye ukingo wa skrini kwa kuhesabu kila pigo la prosesa haionekani inavyopaswa kuonekana. Kwa hiyo mwenye Amiga 1200 ninamshauri aanze na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 4. Kadi ya prosesa ya 68030 ya mapigo milioni 50 kwa sekunde, ambayo ingepata mapigo 57 pale nilipo na 16, ni ghali mno kuinunua kwa ajili ya emuleta pekee.