Magurudumu laini ya kiti cha ofisi: uzoefu wangu kwenye mbao, vigae na zulia

Kiti changu cha ofisi kilikuja na magurudumu matano ya nailoni ngumu, nami sikuyajali hata kidogo, hadi jioni moja mzee mstaafu anayeishi ghorofa ya chini alipopanda ngazi na kuniuliza kwa upole, "Kijana, unakokota nini huko juu usiku kucha?" Kesho yake nilikisogeza kiti nikaikagua sakafu. Nyumba ninayopanga hapa Nairobi ni ya zamani, na sebule, ambayo ndiyo ofisi yangu, imetandikwa vibao vya muhuhu, mti mgumu kwelikweli. Hata hivyo, mbele ya meza palikuwa na duara la michirizi myeupe mahali ambapo vanishi ilikuwa imelika.

Niliagiza magurudumu ya poliyurethani, aina ya plastiki laini inayofanana na mpira, yenye kipenyo cha milimita 75, badala ya yale ya awali ya milimita 50. Kilichonikwaza kwanza ni kipini, yaani kile chuma kinachodungwa kwenye mguu wa kiti. Viti vingi vya ofisi hupokea kipini cha unene wa milimita 11, lakini duka lililoniuzia lilileta vya milimita 10, vinavyofaa viti vya IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi, na kila nilipoinua kiti gurudumu moja au mawili yalidondoka. Kubadilishiwa kulichukua wiki mbili. Pima kipini chako kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kulipa, kwa sababu rula ya shule haionyeshi vizuri tofauti ya milimita moja.

Juu ya muhuhu mabadiliko yalikuwa makubwa: mlio umekwisha, na kiti husogea kwa kusukumwa kidogo tu kwa kidole cha mguu. Hata hivyo, ulaini una kasoro yake, kwani punje ya mchanga inayoingia na viatu hujipachika kwenye gurudumu na kuligeuza kuwa msasa. Kwa hiyo kila Jumamosi nakipindua kiti, nayafuta kwa kitambaa chenye maji na kukata nywele zilizojisokota kwenye ekseli.

Kwenye vigae vya korido, gurudumu kubwa huvuka viungo bila kukitikisa kiti. Tatizo ni wepesi uliopita kiasi: korido yetu ina mteremko ambao sikuwahi kuujua, na sasa nikiinuka kiti huondoka chenyewe kuelekea bafuni.

Chumbani kwenye zulia nene sikuyapenda, kwa kuwa hung'ang'ania na kugeuka kwa shida. Kiwango cha Ulaya cha EN 12529 hutenganisha mambo haya waziwazi: gurudumu gumu, aina ya H, ni la zulia, na laini, aina ya W, ni la sakafu ngumu. Yale ya nailoni nimeyahamishia kwenye kiti cha chumbani.

Mwenye sakafu ya vinili, yaani ya plastiki, asichanganye poliyurethani na mpira mweusi wa bei nafuu. Dada yangu aliyeko Mombasa alifunga ya mpira, na kemikali zake zikapenya kwenye vinili na kuacha madoa ya hudhurungi ambayo sabuni haikuyatoa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kimo: kiti kimepanda kwa takriban sentimita 2.5, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukishusha hadi mwisho, sasa naweka kibao chini ya miguu.